Kwa wanafunzi wa Profesa: hati kwanza, sherehe baadaye

Wanangu madaktari,

Ujumbe wenu wa kuchangia kigoda cha uprofesa wa upasuaji, yaani nafasi ya profesa inayolipiwa na faida ya mtaji uliochangwa, kitakachobeba jina la Profesa wetu, umenifikia. Nitachangia kwa kadiri ya pensheni ya muuguzi. Ila nimeona mmeandika kwa kirefu habari za ukumbi, bei ya meza na mgeni rasmi, halafu mstari mmoja tu kuhusu fedha zitakavyotunzwa. Mstari huo ndio ulionifanya nishike kalamu.

Kigoda si kitu kigeni mjini kwetu. Pale Mlimani, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kipo Kigoda cha Mwalimu Nyerere cha Umajumui wa Afrika, yaani umoja wa Waafrika, tangu mwaka 2008, na wa kwanza kukikalia alikuwa Profesa Issa Shivji. Uingereza wana vya zamani zaidi. Mwaka 1663 Henry Lucas aliusia inunuliwe ardhi ya kuzaa pauni 100 kwa mwaka, alipwe profesa wa hisabati pale Cambridge. Newton alikikalia kigoda hicho mwaka 1669. Hawking naye akakikalia mwaka 1979. Lakini kwa jambo hili sisi watu wa Pwani hatuhitaji kufundishwa na Cambridge. Nyumba ya wakfu haiuzwi, hairithiwi, haiwekwi rehani. Kinacholiwa ni kodi yake, na kodi yenyewe hutengewa kwanza fungu la kuezeka paa.

Sasa tupige hesabu, maana nyie mkisikia fedha mnamwachia mhasibu. Tuseme mmekusanya shilingi milioni 500, mkaziweka kwenye hatifungani za Serikali, yaani mkaikopesha Serikali kwa riba, zikazaa asilimia 10 kwa mwaka. Hiyo ni milioni 50. Mkizitumia zote, na bei zikapanda kwa asilimia 4, mtaji wenu utabaki milioni 500 kwenye karatasi huku sokoni ukipungua kila mwaka. Rudisheni milioni 20 kwenye mtaji, mtumie 30. Kama 30 hazimtoshi profesa na kazi yake, basi kigoda bado hakijawa tayari. Endeleeni kuchanga kimyakimya, sherehe isubiri. Na hati ya kuanzisha kigoda iseme wazi kwamba mtaji haukopwi, hata chuo kikibanwa na mishahara. Wakubwa watawaahidi kurudisha mwezi ujao. Kataeni kwa adabu.

La pili ni kazi ya huyo atakayekalia. Nimesimama mezani na Profesa miaka mingi nikimpa vifaa, na mnajua wenyewe alivyokuwa. Hakufunga tumbo la mtu mpaka muuguzi aseme hesabu ya vitambaa na vifaa imetimia, hata saa nane za usiku, hata kama mgonjwa ni ndugu wa waziri. Kisu alimpa kijana, yeye akashika taa na maswali. Kigoda chenye jina lake kikipewa mtu wa vikao na safari asiyeonekana thieta, chumba cha upasuaji, mtakuwa mmemheshimu kwa jina na kumdhalilisha kwa vitendo. Andikeni kwenye hati: siku za kufundisha upasuaji kila wiki, na muda wa kwenda hospitali za wilaya kila mwaka. Mama anayehitaji kupasuliwa ili ajifungue, utumbo uliojifunga, mfupa uliochomoza nje ya ngozi, hayo ndiyo yanayoua huko wilayani, na mwaka 2015 Tume ya Lancet, jarida la kitabibu, ilikadiria watu bilioni 5 duniani hawafikiwi na upasuaji salama wanaoweza kuumudu. Fungu la kigoda likilipa nauli na posho ya mwalimu kwenda kukaa na daktari kijana wa wilayani mpaka mkono wake utulie, hapo fedha imefika.

Kuhusu jina, msihangaike sana na ukubwa wa herufi kwenye kibao. Mwaka 1956 Binti Mfalme Margaret alikuja mjini hapa kufungua hospitali iliyopewa jina lake. Baada ya uhuru jina likawa Muhimbili. Sewa Haji, mfanyabiashara wa Bagamoyo aliyetoa fedha za hospitali iliyojengwa hapa mwaka 1897, bado wagonjwa wanamtaja kila siku wakielekezwa wodi ya Sewahaji, ingawa wengi wao hawajui kama alikuwa mtu.

Jambo la haraka kuliko yote: Profesa yu hai na akili zake timamu. Mpelekeeni rasimu ya hati nyumbani asubuhi, kabla hajachoka, aikatekate. Mkisubiri mpaka tumzike, kila mmoja wenu atadai kujua alichotaka.

Na katika kamati ya kumteua mkalia kigoda nimeona majina ya madaktari watupu. Wekeni muuguzi mmoja wa thieta. Sisi ndio tunaojua nani hufundisha na nani hufoka tu.

Shangazi yenu,
muuguzi mstaafu, Ilala