Warsha ya sola: saa zimebadilika

Habari za jioni wanakikundi, na poleni na mitihani.

Warsha yetu ya likizo ndefu iko palepale: Jumatatu hadi Jumatano ijayo, Idara ya Fizikia, Mlimani (Chuo Kikuu cha Dar es Salaam). Kilichobadilika ni saa. Tunaanza saa 3 kamili asubuhi, si saa 8 mchana, maana tunataka kupima volti za paneli ikiwa bado ya baridi, kisha tuirudie saa 7 ikiwa imechomwa na jua. Namba zilizobandikwa mgongoni mwa paneli ni za paneli yenye joto la digrii 25 za selisiasi, lakini juu ya bati la Dar hupita 50 bila shida, na kila digrii inayozidi huipunguzia paneli ya silikoni takriban asilimia 0.3 ya volti zake. Wengi hudhani joto ndilo linaloleta umeme, kumbe ni mwanga. Njooni mbishane na maltimita (kifaa cha kupimia umeme) wenyewe.

1. Mchango: Sh 15,000 (chakula cha mchana na nyaya). Mpeni mhazini, mwisho Ijumaa saa 12 jioni.
2. Mwenye maltimita aje nayo. Tunazo nne tu, na moja mgonjwa.
3. Kofia na maji ya kunywa, tutakuwa juani.

Tafadhali jibu hapa NIPO au SIPO kabla ya kesho saa 4 usiku, niagize chakula kwa idadi kamili. Asiyeweza aseme tu, hana lawama. Safari iliyopita wali ulibaki sufuria nzima!

Asanteni sana.
Mratibu wenu