Mzee hajachelewa, acheni kumletea sigara

Mhariri,

Naomba nafasi kidogo kwenye ukurasa wako wa barua maana kuna neno nimelisikia mara nyingi mno na safari hii nimeshindwa kunyamaza. Neno lenyewe ni hili, "mwacheni mzee ale raha zake, umri huu aache sigara ili iweje?" Linasemwa kwa upendo kabisa, tena na watoto wake mwenyewe. Mimi nina miaka 68, kaka yangu 74, na nimemwona mwanae akimletea paketi nzima ya sigara kama zawadi, tukacheka wote, hata mimi nilicheka.

Ni kweli kansa inapenda umri. Seli za mwili zinajigawa kila siku na kila zikijigawa kuna makosa madogo yanaingia kwenye vinasaba, mengine mwili unayarekebisha, mengine yanabaki, miaka inavyokwenda yanalundikana na kinga nayo inachoka, ndo maana wengi wanaogundulika ni watu wazima waliovuka 60. Hapo hakuna wa kubisha. Shida ni kwamba mtu akishasikia "ni umri" anafunga mjadala, kumbe umri ni sehemu tu ya hesabu. Shirika la Afya Duniani linasema kati ya asilimia 30 na 50 ya kansa zote zingeweza kuzuilika, na hapo wanaongelea vitu kama tumbaku, pombe, unene, kukaa bila mazoezi na maambukizi kama homa ya ini.

Nirudi kwenye sigara maana ndo iliyonifanya nishike kalamu. Kuna daktari Mwingereza, Richard Doll, yeye na wenzake walianza mwaka 1951 kuwafuatilia madaktari wenzao wa Uingereza, wavutaji na wasiovuta, wakawafuatilia miaka 50 hivi mpaka ripoti ya mwaka 2004. Waliona aliyeacha akiwa na miaka 30 alijiongezea kama miaka 10 ya kuishi ukimlinganisha na aliyeendelea kuvuta, wa 40 akajiongezea 9, wa 50 akapata 6, na aliyeacha akiwa na 60 bado alipata kama 3. Sasa wewe unayesema mzee kachelewa, hiyo miaka mitatu unamnyima kwa sababu gani? Na huyo Doll mwenyewe alikuwa mvutaji, akaacha alipoona utafiti wake unaelekea wapi, akaja kufariki 2005 akiwa na miaka 92.

Pombe sitaiongelea sana, ugomvi wake naujua. Nitasema tu kwamba iliwekwa kwenye kundi la vitu vinavyosababisha kansa kwa uhakika tangu 1988, kundi moja na tumbaku, na kwa mzee glasi ileile aliyokuwa anakunywa akiwa kijana inampanda zaidi kwa sababu maji ya mwilini yamepungua na ini halina kasi ya zamani. Basi.

Wanawake wenzangu, hapa naomba msikilize vizuri maana hata mi nilikuwa sijui. Tukishakoma hedhi tunadhani mambo ya homoni yamekwisha, kumbe ovari zikipumzika mafuta ya mwilini yanaendelea na kazi, yanatengeneza estrojeni, na mafuta yakizidi na yenyewe inazidi, na hiyo inaongeza hatari ya kansa ya matiti na ya mji wa mimba. Kwa hiyo ule unene wa uzeeni tunaosifiana nao, "umependeza, umenawiri", sio pambo tu. Na ukiona damu miaka kadhaa baada ya hedhi kukoma, hata tone moja, usiseme imerudi tu yenyewe, nenda ukaonwe.

Halafu kuna hawa wa vidonge vya vitamini, wanaomuuzia mzee makopo kwamba yanazuia kansa. Ufini waliwahi kujaribu kwa wanaume wavutaji zaidi ya 29,000 wenye miaka 50 mpaka 69, wengine wakapewa vidonge vya beta-karotini, matokeo yakatoka 1994, waliovimeza wakapata kansa ya mapafu kwa asilimia 18 zaidi ya wasiovimeza. Zaidi, sio pungufu! Anayetaka kumsaidia mzee amshike mkono watembee, dakika 150 kwa wiki zinatosha kuanzia, kutembea hakuna kopo.

La mwisho linanihusu mwenyewe na naona aibu kuliandika lakini naliandika. Nilipata choo chenye damu nikajiambia ni bawasiri, nikakaa hivyo miezi minane, nikamficha hata binti yangu. Nilipokuja kupimwa kwa kamera wakakuta vinyama viwili kwenye utumbo mpana, wakavitoa palepale, vilikuwa havijageuka kansa. Daktari akanieleza kwamba kinyama kama hicho mara nyingi kinachukua miaka mingi, hata 10, kabla ya kugeuka, yaani muda wa kukiwahi ulikuwepo wote huo na mimi nilikuwa bize kuona aibu. Sisemi kila mzee apimwe kila kitu, ukishavuka 75 kuna vipimo ambavyo usumbufu wake unaweza kuzidi faida, hilo unakaa na daktari wako mnaangalia afya yako ilivyo. Ila kwa dalili usisubiri umri wowote.

Kaka yangu nilimsomea barua hii kabla sijaituma. Akaniuliza, "hiyo miaka mitatu ni ya wa 60, wa 74 je?" Nikamwambia sijui, ila mapafu hayajui tarehe yako ya kuzaliwa. Akanyamaza, halafu akanipa paketi nimshikie, amesema nimshikie tu, hajasema ameacha.

Mhariri, kama nafasi ni ndogo kata popote unapotaka, ila ile sehemu ya damu kwenye choo iache kama ilivyo.

Msomaji wako wa siku nyingi,
Bibi mstaafu