Kwa nini mawe ya pembeni yalitoka mabichi

New Haven, Connecticut

Baba mpendwa,

Shikamoo. Mimi ni mzima, na masomo yanaendelea vizuri.

Katika barua yako uliniuliza kwa nini, katika tanuri la mwezi uliopita, mawe ya katikati yaliiva yakawa chokaa ilhali yale ya pembeni yalitoka vilevile yalivyoingia, ingawa yote yalikaa juu ya magogo ya minazi kwa muda uleule. Jibu limo katika hesabu ya Josiah Willard Gibbs, aliyefundisha fizikia ya kihisabati katika mji huuhuu hadi alipofariki mwaka 1903. Chukua joto ambalo mmenyuko, yaani kitu kugeuka kitu kingine kama jiwe kuwa chokaa, unalimeza, kisha utoe halijoto mara ongezeko la entropi, yaani kutawanyika kwa chembe na nishati yake. Kinachobaki kikiwa chini ya sifuri, mmenyuko unaweza kujiendea wenyewe. Kikiwa juu, hauendi hata ukiungoja mwaka mzima.

Jiwe la matumbawe hudai kilojuli 178 hivi kwa kila moli (gramu 100 hivi za jiwe) ili liachie hewa ya ukaa, na deni hilo halibadiliki sana. Hewa inayotoka, kwa kuwa imetawanyika, huongeza entropi kwa juli 160 hivi kwa kila kelvini (kipimo cha halijoto: nyuzi za Selsiasi ukiongeza 273), hivyo moto ukipanda upande huo nao huzidi nguvu. Katika nyuzi 25 za Selsiasi bado kunabaki kilojuli 130 juu ya sifuri, ndiyo maana kuta za msikiti wetu hazigeuki chokaa kwa jua. Ukigawanya 178,000 kwa 160 utapata kelvini 1,110 hivi, yaani nyuzi 840: mawe yako ya pembeni hayakufika hapo. Upepo, ambao najua umeulaumu, ulipoza ukingo kweli, lakini ukiipeperusha hewa ya ukaa huliwezesha jiwe kuanza kuachia hata chini kidogo ya kiwango hicho.

Unapomwagia chokaa maji, ikatokota bila moto hadi Mama akatufukuza tusisogee, entropi hupungua, ila joto linalotoka hulipa pengo hilo lote.

Mawe mabichi usiyatupe. Yapasue yawe madogo kama ngumi, uyapange katikati ya tanuri lijalo.

Mwanao