Gari la umeme, tairi la akiba liko wapi?

Mhariri,

Muuzaji mmoja ananisukumia Kia EV9, gari kubwa la umeme la siti saba. Anatamba na kilomita 563 kwa chaji moja. Hizo zimepimwa maabara, tena kwa toleo linalosukumwa na magurudumu ya nyuma tu, si kwa safari ya Dar na kiyoyozi kikivuma. Betri ni kilowati-saa 99.8, kwa soketi ya ukutani itachukua zaidi ya siku nzima kujaa. Siti ya safu ya tatu, ya nyuma kabisa, nimeikalia, si mbaya (mama mkwe simweki huko). Lakini kwenye buti hamna tairi la akiba, kuna kopo la dawa ya pancha! Na miiba ya njia ya Farkwa je? Kabla ya kudai malipo ya awali, wauzaji watuonyeshe chaja za njiani ziko wapi.

Msomaji, Kisasa, Dodoma