Usiirudishe hiyo kibodi Jumamosi

Kirumba, Mwanza

Kulwa ndugu yangu, mwangaluka.

Ujumbe wako nimeusoma. Unasema hiyo kibodi ya vipande viwili uliyoazimwa inakuchelewesha, kazi za kuwachapia wanafunzi zinalundikana hapo steshenari kwako Malimbe, na swichi zake "laini" (vile vibonyezo vilivyo chini ya kila kitufe) huoni zimekuletea nafuu gani. Usiirudishe bado. Ila acha kuzilaumu swichi, maana wala si zenyewe zinazokuumiza kidole.

Chapa neno "nyumba" polepole huku ukiangalia mikono. N, Y, U na M zote ni za kidole kimoja, cha shahada cha kulia. B ni ya shahada cha kushoto, na A inakiangukia kidole cha mwisho cha kushoto, kinyonge kuliko vyote. Chapa "muhimu": ukitoa I, shahada cha kulia kinafanya kazi peke yake. QWERTY ilitengenezwa Marekani miaka ya 1870, na walioitengeneza hawakuwa na habari za "nya", "mu" na "hu" zetu. Halafu hesabu "na", "ya", "wa", "kwa", "za" kwenye ukurasa mmoja tu wa tasnifu. Kila moja ni safari ya kidole kile kile cha mwisho.

Sasa hizo swichi. Kibodi ya kawaida ina mpira chini ya vitufe, na herufi haitoki mpaka mpira ubonyee hadi chini, ndiyo maana mikono imezoea kutwanga. Swichi ya kahawia kama hizo zako inashuka milimita 4, lakini herufi inatoka kwenye milimita 2. Kabla kidogo ya hapo kuna kinundu: kidole kinakutana na uzito wa gramu 55 hivi, kinauvuka, kisha kitufe kinalegea. Faida yote iko hapo. Ukikisikia kinundu, inua kidole. Kwako hilo ni zuri zaidi kwa sababu mashine ya fotokopi inanguruma siku nzima, swichi ya mlio usingeisikia, na wateja ingewakera bure. Wewe bado unatwanga hadi chini, kwa hiyo kinundu unakipita kama abiria aliyelala akapitishwa kituo.

Kama sonara jirani ana mzani mdogo na swichi zako zinachomoka, chomoa swichi moja, iweke juu yake na uibonyeze taratibu. Namba itapanda hadi hamsini na kitu, itashuka ghafla, kisha itapanda tena. Pale inaposhuka ndipo pa kuachia. Rudia mara ishirini, kidole kitaelewa kuliko maelezo yangu.

Mkao wenyewe una uzito kuliko swichi. Tenganisha vipande hadi viwe upana wa mabega. Ile miguu ya nyuma inayoinua kibodi ikunje, maana inakunja kifundo cha mkono kwenda juu. Badala yake inua upande wa vidole gumba. Kipande chenye upana wa sentimita 14 ukikiinua sentimita 3 upande wa ndani unapata kama nyuzi 12, na kuanzia zinatosha. Seremala atakukatia kabari mbili za plaiwudi. Chini yake gundisha vipande vya tyubu ya baiskeli, la sivyo vitateleza kila ukipiga Enter na utaishia kuishika kibodi badala ya kuchapa. Meza za steshenari nyingi ziko juu mno. Pandisha kiti mpaka kiwiko kiwe sawa na vitufe, kisha weka tofali chini ya miguu isining'inie.

Makosa ya B, C na X unayolalamikia yanatokana na vitufe kupangwa kwa safu za wima. Kwenye kibodi ya zamani safu zimepinda, nawe ulikuwa unaidokoa B kwa mkono wa kulia. Hapo haiwezekani tena, iko upande wa pili. Usiitumie kwa kazi za wateja kwa sasa. Dakika 20 asubuhi kabla ya kufungua, maandishi yako mwenyewe, kwa wiki mbili. Chini ya hapo unapima ugeni tu.

Kama kibodi inakubali VIA, programu ya kupangia upya kazi za vitufe, badilisha vitufe vichache. Kufuta weka kwenye gumba la kushoto, nafasi na Enter kwenye gumba la kulia. Alama ya ng'ombe na ng'ambo isogeze karibu na gumba pia. Ilipo sasa inakivuta kidole cha mwisho cha kulia pembeni. Q na X Kiswahili hakizitumii, lakini usizifute, wanafunzi wana tasnifu za Kiingereza. Mabadiliko yanakaa ndani ya kibodi yenyewe, ukihamia kompyuta nyingine yanakufuata.

Jambo moja nakukataza. Utaona watu wanaifanya A iwe na kazi mbili: ukigusa ni herufi, ukishikilia ni Ctrl au Shift. Muda wa kutofautisha kwa kawaida ni milisekunde 200. Kwa Kiswahili ni balaa. A inamaliza neno na nafasi inafuata papo hapo, vidole vinapishana, na kibodi inaweza kudhani umeshikilia. "Na" zako nyingi zinaweza kupotea.

Ikiwa swichi zinachomoka bila kuyeyusha risasi ya kulehemu, badilisha ya A peke yake, weka ya gramu 35. Ni nyepesi sana, kidole kikiilalia utaandika "naa", kwa hiyo ijaribu siku tatu kabla ya kuiamini. Ivute wima, usiitikise. Kabla ya kuingiza nyingine tazama vile viguu viwili vya shaba. Kimoja kikikunjika kitufe kitakufa na utadhani kibodi imeharibika. Kinyooshe kwa kibano. Swichi ikiwa na vijiti viwili vya plastiki vya ziada na tundu zake hazipo, vikate kwa kikata kucha. Na usiipake grisi kwenye vile viguu vya plastiki vya ndani, kinundu kitafifia. WD-40 usiiguse kabisa.

Waya unaounganisha vipande viwili, kama una ncha ya duara kama ya spika za masikio, usiuchomeke wala kuuchomoa umeme ukiwepo. Ncha hiyo inagusisha njia mbili kwa mpigo na inaweza kuunguza kibodi. Toa USB kwanza, kila mara, hata ukiwa na haraka.

Wale wadudu wa ziwani wakitanda jioni, zima taa iliyo juu ya meza na uifunike kibodi kwa kitenge. Mdudu akisagika chini ya kitufe anaacha mafuta, na kitufe kinaanza kunata. Ng'oa vifuniko vya herufi (piga picha kwanza), vioshe kwa maji ya uvuguvugu na sabuni, viache siku nzima vikauke. Maji hukaa kwenye kile kitundu cha msalaba.

Ganzi ya vidole uliyoitaja mwishoni haitatibiwa na kibodi. Nenda kamwone daktari wiki hii.

Msalimie Doto. Ukija mjini kuchukua karatasi pitia hapa, ule waya uje nao niuone ncha zake.

Ndugu yako