Mikono ikishika kazi, mwili wangu unapanda: naomba ushauri

Ndugu Mhariri na ndugu wasomaji,

Ninawaandikia kutoka Goma, mtaa wa Himbi, nikiomba ushauri wa yeyote aliyewahi kujifunza kuzamia kwa mtungi wa hewa, na hasa aliyezamia katika ziwa lisilo na chumvi lililo juu milimani kama hili letu la Kivu. Mimi ni mama wa watoto wawili, muuguzi kwa kazi, na nina umri wa miaka 34. Cheti changu cha kwanza nilikipata nilipokuwa nikisoma Dar es Salaam, tukizamia karibu na kisiwa cha Mbudya, na huko sikuona shida kubwa. Tangu mwaka jana ninafuata mafunzo ya ngazi ya juu hapa nyumbani, pamoja na wenzangu wanne, chini ya mwalimu mmoja ambaye ninamheshimu sana.

Hatujifunzi kwa ajili ya starehe. Tarehe 3 Oktoba 2024 mashua iliyotoka Minova ilizama karibu kabisa na bandari ya Kituku, watu wakiwa ufukweni wanaiona. Kila mtu wa Goma anakumbuka alikuwa wapi siku hiyo. Mimi nilikuwa kazini, na niliyoyaona sitayaeleza hapa. Tangu hapo nimekuwa nikisema kwamba mji unaoishi na ziwa mlangoni unahitaji watoto wake wanaoweza kufanya kazi chini ya maji, na nilipoona hakuna wengi wanaojitokeza, nikajitokeza mwenyewe.

Shida yangu ni msawazo. Mzamiaji anayeijua kazi yake hutulia katikati ya maji, hapandi wala hashuki, kwa sababu uzito wake na nguvu ya maji inayomsukuma juu vimelingana. Nikiwa sina la kufanya, nimelala kifudifudi na mikono nimeikunja kifuani, ninaweza kukaa hivyo hata dakika tano. Lakini ngazi hii inadai mtu afanye kazi akiwa ametulia hapohapo: avue miwani na kuivaa tena, ampe mwenzake kipumulio cha akiba, afungue uzi na kupandisha boya la alama, yote kwenye kina cha mita 5 au 6, bila kuhama zaidi ya nusu mita. Hapo ndipo ninaposhindwa.

Niwaeleze lililotokea Jumamosi moja mwezi uliopita. Tulikuwa kwenye ukuta wa mawe ya volkano unaoshuka majini, si mbali na mahali ambapo lava ya mwaka 2002 iliingia ziwani, kwenye kina cha mita 6. Mwalimu akanipa ishara nivue miwani, nikaivua. Maji yakanigusa macho na kuniingia puani, na ule ukuta mweusi uliokuwa mbele yangu ukawa doa tu ndani ya ukungu wa kijani. Nilitumia labda sekunde kumi kuutafuta ukanda wa miwani uliokuwa umejikunja nyuma ya kichwa. Katika sekunde hizo sikuhisi hata kidogo kwamba ninapanda. Ninachokumbuka ni kwamba mwanga ulizidi kuwa mweupe, na kompyuta ya kuzamia iliyo mkononi, inayoonyesha kina, ikaanza kulia. Kisha mtu akanishika pezi la kushoto na kunivuta chini. Nilipofaulu kuvaa miwani na kuyapuliza maji nje, namba ilionyesha mita 2.4. Aliyenishika ni kijana mdogo kuliko sisi sote, ambaye mimi humwita mdogo wangu, na alikuwa ameliacha zoezi lake mwenyewe ili anifuate.

Kwa kazi yangu ninajua hatari iliyopo. Hewa iliyovutwa kwenye mita 6 hutanuka mtu anapopanda, na kama ameibana kifuani inaweza kuyapasua mapafu hata katika kina kidogo kama hicho. Kwa hiyo sikulala usiku ule, na kesho yake nilianza kutafuta chanzo kwa kalamu na karatasi.

Mwalimu wetu alijifunza baharini na amefundisha huko miaka mingi. Kanuni yake ni kwamba anayepanda aongezewe risasi, yaani vile vipande vya madini mazito tunavyovaa mkandani ili tuzame. Nilianza na kilo 6 mkandani, kama nilivyokuwa nikivaa Mbudya. Mara ya kwanza nilipopanda alisema, "Mama, ongeza mbili," na mara ya pili akaongeza moja, hivyo leo nimefika kilo 9. Nimejiuliza kama kanuni hiyo inafaa hapa. Mita ya ujazo ya maji ya bahari ina uzito wa takriban kilo 1,025, ya maji yasiyo na chumvi ni kilo 1,000, na kwa mtu ambaye pamoja na vifaa vyake vyote anakaribia kilo 100, tofauti hiyo ina maana kwamba ziwani anahitaji risasi pungufu kwa kilo mbili na zaidi. Tena Mbudya tulitumia mitungi ya alumini, ambayo ikikaribia kuisha hewa huanza kuelea, ilhali hapa tunatumia ya chuma, inayobaki mizito mpaka mwisho. Ni kweli kwamba nguo yangu ya hapa ni nene zaidi, milimita 5 badala ya 3, nayo inanielesha zaidi, lakini hata nikiihesabu hiyo sioni kilo 9 zinatoka wapi.

Basi jioni moja, tukiwa tumemaliza na mtungi umebaki na bari 50, yaani hewa ikikaribia kuisha, mimi na mdogo wangu tuliingia mahali penye kina cha mita mbili. Nikaitoa hewa yote kwenye koti la kuelea, lile ambalo mzamiaji hulijaza na kulipunguza hewa ili alinganishe uzito wake, nikapumua kawaida. Kwa kilo 9 nilizama papo hapo, kifua kikiwa bado kimejaa. Tukawa tunaondoa kipande kimoja kimoja, na tulipofika kilo 5 maji yakakaa usawa wa macho yangu, na nilipotoa pumzi nikaanza kushuka polepole, kama tulivyofundishwa kwamba inapaswa kuwa.

Maana yake, kama sijakosea, ni kwamba ninabeba kilo 4 nisizozihitaji, na ili nisizame ninalazimika kuweka lita 4 za ziada za hewa kwenye koti. Hewa hiyo haitulii. Lita 4 kwenye mita 6 zinakuwa lita 5 nikifika mita 3, na kadiri zinavyotanuka ndivyo zinavyonivuta juu kwa kasi zaidi. Hapa kwetu jambo hili ni kali zaidi kuliko baharini, kwa sababu uso wa ziwa uko kwenye mwinuko wa mita 1,460 hivi, ambako kanieneo ya hewa ni kama asilimia 85 ya ile ya pwani. Kanieneo ambayo baharini huongezeka maradufu mtu anapofika mita 10, hapa huongezeka maradufu kabla hajafika mita 9. Kwa hiyo nina hofu kwamba dawa ninayopewa ndiyo inayoongeza ugonjwa.

Lakini si haki niitupie risasi lawama yote. Jumamosi iliyofuata nilimwomba mwalimu ruhusa ya kujaribu kilo 7, akakubali shingo upande. Nilivua miwani, na bado nilipanda, ingawa safari hii ilikuwa mita moja tu. Tulipotoka majini mdogo wangu, aliyekuwa mbele yangu muda wote, aliniambia neno ambalo limenikaa moyoni: "Dada, mapovu yako yanakoma kabla hata hujagusa miwani."

Sikuwa nimelijua hilo. Ninapojiandaa kufanya jambo, ninavuta pumzi na kuibana, na mapafu yaliyojaa yanaweza kumwinua mtu kama kilo tatu zaidi ya yanapokuwa matupu. Nimefikiri sana tabia hiyo imetoka wapi, na nadhani ninajua. Nimezaliwa kando ya ziwa hili. Tulipokuwa watoto tuliruka kutoka kwenye mawe, na kabla ya kuruka tulijaza kifua mpaka mabega yakapanda, kwa sababu aliyebana pumzi muda mrefu ndiye aliyekuwa mshindi. Maji yakinigusa uso mwili wangu unakumbuka mchezo ule, na hausikii mtungi ulio mgongoni. Huko Mbudya kasoro hii haikuonekana, pengine kwa sababu ngazi ya kwanza tuliifanya tukiwa tumepiga magoti kwenye mchanga, na mtu aliyepiga magoti hawezi kujua kama anapanda.

Sasa nifike kwenye linalonisumbua kuliko yote. Tathmini yetu ya mwisho ni wiki sita kuanzia leo. Mwalimu ameniambia waziwazi kwamba atanipitisha, kwa sababu kundi linahitaji muuguzi na hakuna mwingine, na kwamba msawazo utakuja wenyewe na mazoea. Najua amesema kwa nia njema. Lakini mimi siutaki ushindi huo. Siku tutakayoitwa kweli, maji yatakuwa yamechafuka, kutakuwa na kamba na nyavu, na mikono yangu itakuwa na kazi kubwa kuliko kuvaa miwani. Nikipanda siku hiyo, atakayeacha kazi yake kunifuata ni mdogo wangu yuleyule, na huenda wakati huo ameshika mtu.

Ndugu wasomaji, ninaomba mniambie hivi. Je, hesabu yangu ya risasi ni sahihi, na je, nishuke mara moja mpaka kilo 5 au niende hatua kwa hatua, nikizingatia kwamba mwisho wa mbizo, mtungi ukiwa mwepesi, ni lazima niweze kukaa mita 5 kwa dakika tatu bila kupanda? Je, kuna aliyewahi kuivunja tabia ya kubana pumzi akiwa mtu mzima, na aliivunja kwa zoezi gani? Na je, nitamwambiaje mwalimu, mtu aliyenizidi umri na uzoefu, ambaye anatufundisha bila kutudai hata faranga, kwamba ninaona kanuni yake ya baharini haifai hapa, bila kumvunjia heshima mbele ya wanafunzi wake? Nimefikiria kumwomba anipime mwenyewe pale penye mita mbili, kwa bari 50, aone kwa macho yake, badala ya mimi kumletea karatasi ya hesabu. Nimefikiria pia kumwomba aniahirishie tathmini, lakini ninaogopa asije akaona kwamba ninakata tamaa, jambo ambalo si kweli.

Wakati ninasubiri majibu yenu, ninafanya nilichobuni mwenyewe. Kila jioni ninajaza beseni maji, ninaweka uso ndani bila miwani, na kupumua kwa mrija huku vidole vyangu vikifunga na kufungua mafundo ya uzi wa boya. Binti yangu, mwenye umri wa miaka tisa, huweka mkono wake mgongoni pangu na kuhesabu pumzi kwa sauti, na mgongo ukiacha kupanda na kushuka ananigonga begani. Wiki ya kwanza alinigonga kila mara niliposhika fundo. Jana tulifika pumzi ishirini na tatu kabla hajanigonga. Tafadhali niambieni kama zoezi la namna hii linahamia kweli kwenye kina, au kama ninajidanganya na beseni.

Wenu,
Mama muuguzi, Himbi, Goma