Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka, Tabora

Ndugu wanachama wa chama chetu cha kusoma na kuhifadhi katuni za zamani, mwangaluka.

Shughuli za kawaida mnazijua, sitawachosha. Usomaji wa kila Jumamosi ya kwanza ya mwezi uliendelea pale Isevya, ukiacha Ramadhani na msimu wa kilimo. Tulikwenda shule mbili za sekondari kuwaonyesha vijana katuni ambazo babu zao walizicheka. Tulifiwa na mwenzetu mmoja, rambirambi ikafikishwa. Onyesho la katuni za Chakubanga chini ya miembe lilifana, na ingawa si kawaida yangu kujisifu, turubai, meza na viti vyote vilitoka nyumbani kwangu, na mmoja wa watoto wangu ndiye aliyevirudisha.

Mahesabu ni haya. Daftari lina wanachama 43. Ada ni shilingi 12,000 kwa mwaka, yaani 1,000 kwa mwezi. Waliomaliza ni 14, waliolipa nusu ni 6, na 23 hawajatoa hata senti. Ada ikaleta 204,000, michango ya onyesho 310,000, salio la mwaka jana 395,000, jumla 909,000. Matumizi: sanduku la magazeti ya zamani 450,000, usafiri na dawa ya mchwa 65,000, rambirambi 50,000, chai na shajala 118,000. Jumla 683,000. Zimebaki 226,000, na kitabu cha benki anacho mhazini kwa atakaye kukiona.

Sasa nije kwenye sanduku, maana najua wengine mmefuata hilo tu. Lalamiko la kwanza ni kwamba nimelinunua bila idhini ya mkutano.

Familia ya mzee mmoja mstaafu wa reli, marehemu, ilikuwa inauza nyumba. Stoo ilikuwa na sanduku la bati limejaa magazeti na majarida ya miaka ya 70. Nilipopata habari, muuza karanga alikuwa ameshafika na mzani wake, anataka yote kwa kilo, ayachane ya kufungia. Kifungu cha 9 cha katiba yetu kinasema matumizi yanayozidi 200,000 yapitishwe na mkutano. Nakifahamu kifungu hicho, nilikuwa kwenye kamati iliyokiandika. Niliitisha mkutano wa dharura. Akidi ni watu 15, wakaja 5. Nikaitisha tena, wakaja 7, na kati yao wawili waliuliza pilau liko wapi. Muuza karanga hana akidi, ndugu zangu. Nikashauriana na mhazini na katibu, tukasaini watatu, tukalinunua. Katibu namwona leo anatazama dirishani kama vile siku ile alikuwa Urambo. Saini yake ipo.

Waliokuja siku zile wana haki ya kuniuliza. Asiyekuja ananiuliza kwa kikao kipi?

Lalamiko la pili ni kwamba nimenunua “picha za mnato” na siyo katuni, kwa sababu sehemu kubwa ya sanduku ni African Film na majarida ya aina hiyo. Ni kweli Lance Spearman, yaani Spear, shujaa wa African Film, hakuchorwa, alipigwa picha. Lakini ukurasa umegawanywa vyumba vilevile, maneno yamewekwa juu ya picha vilevile, na unafunua upesi kuona kama Spear kapona vilevile. Drum Publications walikuwa wakiyatoa, yakasomwa Afrika Mashariki hadi Afrika Magharibi, na vijana wa hapa Tabora walijifunzia humo Kiingereza cha kutisha watu. Kisha akaja Faraji Katalambulla, yule mtunzi wa riwaya ya Simu ya Kifo, akatuletea Film Tanzania, hadithi za picha kwa Kiswahili, watu wanaofanana na sisi. Tukiyatoa hayo kwa kuwa hayakuchorwa kwa kalamu, tutakuwa tunahifadhi nini? Namheshimu sana mwenzetu aliyeandika barua ya kurasa tatu juu ya jambo hili. Angekuja nayo kwenye usomaji tungeijadili.

Lalamiko la tatu: kwa nini nisinunue Sani, lile jarida la katuni. Ndugu zangu, nani hapa kamsahau Ndumilakuwili? Nani hawajui wahusika wake wengine, Madenge, Kipepe au Lodi Lofa? Hata wajukuu wanajua kwamba jina Sani lilitokana na Saidi Bawji na Nico ye Mbajo. Sani ina wenyewe, na watu wanaitafuta. Kilichopotea ni kile cha kabla yake: jarida la Picha za Vichekesho, Chakubanga wa Christian Gregory katika gazeti la Uhuru tangu 1967, mtu yule wa mjini asiyeisha vituko na wanawake na pombe. Hayo ndiyo yaliyobandikwa ukutani kama karatasi za kupamba, yakaliwa na mende.

Niwape mfano mmoja ili muone fedha zilikwenda wapi. Katika sanduku kulikuwa na nakala mbili za toleo moja la African Film. Moja haina jalada wala kurasa za mwanzo, pini zimeota kutu hadi karatasi ikawa na rangi ya chai. Nyingine mwanzo upo, ila mwisho umekatwa kwa mkasi. Mtu mmoja, kwa bolpeni ya bluu, kamvisha kila jambazi miwani, na pembeni kapiga hesabu ya tumbaku, kilo mara bei, kisha kaikosea na kuirudia. Tulizilaza mezani nakala zile mbili, tukahesabu kurasa, na hadithi ikatimia. Mzee wetu mmoja aliyeisoma akiwa darasa la saba alisema amekaa miaka yote hiyo akiamini jambazi alitoroka. Hakutoroka. Kuna chama gani kingine mkoa huu kingemwambia?

Robo ya sanduku, nakubali, ilikuwa imeliwa na mchwa. Mchwa hao hawakuletwa na uongozi huu.

Wapo wanaotaka magazeti haya tuyatoe kopi tuuze ili fedha irudi. Nimekataa na nitaendelea kukataa. Sheria ya Hakimiliki ya 1999 inamlinda mtunzi maisha yake yote na miaka 50 baada ya kifo chake. Kusoma pamoja ni jambo moja, kufungua kibanda cha kopi ni jambo jingine. Anayetaka kugombana na COSOTA, wasimamizi wa hakimiliki nchini, agombane kwa jina lake.

Kuhusu mahudhurio sina la kuongeza zaidi ya daftari lenyewe. Usomaji wa Machi tulikuwa wanne, nikiwemo mimi na mlinzi. Msibani mnajaa, harusini mnajaa, lakini Jumamosi moja kwa mwezi kila mtu ana mgeni kutoka Nzega. Sisemi kwa ubaya.

Mwaka ujao, Mungu akijalia, tunatarajia kupata kabati la chuma, kupiga picha kurasa zote kabla hazijasagika, na kuwaomba watu wa Kipalapala, ambako Kiongozi, gazeti la Kanisa Katoliki, lilikuwa likichapwa, waturuhusu kupekua matoleo ya zamani tuone kama lilikuwa na vibonzo. Tunatarajia pia kufika Kigoma, maana magazeti yaliyopanda treni hayakuishia hapa. Lini na kwa fedha gani, itategemea mwitikio wenu.

Nafasi yangu iko wazi kwa atakayependa kuichukua, pamoja na dawa ya mchwa. Mhazini amekaa mlangoni na kitabu cha stakabadhi, na hataondoka hapo mpaka chakula kigawiwe.